Ufundi wa Kupima Maji Yaliyofichika

Barabara inayotoka Goma kwenda magharibi hufuata ziwa hadi Sake, mji ulio mlangoni mwa Masisi. Hapo njia hugawanyika. Moja hupanda vilima kuelekea Masisi Centre, kisha hushuka hadi kwenye misitu ya Walikale. Nyingine huambaa na maji kwenda Minova na Bukavu. Msafiri akiwa Sake ana mengi ya kufikiria: nauli, vizuizi, mvua, habari za vita. Ni nadra atazame ghuba iliyo chini ya mji na kujiuliza kuna nini ndani yake. Ghuba hiyo inaitwa Kabuno, na kwa ajili yake wataalamu wamesafiri kutoka mabara mengine wakiwa na kamba, chupa na vipimo.

Kwa juu, Kabuno ni maji kama mengine. Mitumbwi inapita, nyavu zinaanikwa ufukweni, akina mama wanangoja samaki. Lakini ukishuka mita kumi hivi tu, oksijeni inakwisha. Kuanzia hapo hadi sakafuni, kwenye kina cha mita mia moja na zaidi, kuna maji ya namna nyingine kabisa: yana chumvi, yana chuma kilichoyeyuka, na yamejaa kaboni dayoksaidi inayopenya kutoka kwenye ardhi ya volkano. Maji hayo ni mazito, kwa hiyo hayapandi. Yaliyo juu yake ni mepesi, hayashuki. Mlango unaoiunganisha ghuba na ziwa kuu nao hauzidi kina cha mita kumi hivi, ndiyo maana maji ya chini hayana pa kutokea. Yako gizani, hayakutani na hewa, na soko la Sake liko hatua chache kutoka hapo.

Hakuna jicho lililowahi kuyaona maji hayo yakiwa mahali pake. Yote tunayoyajua kuyahusu yameletwa na watu waliokaa ndani ya boti wakiteremsha vyombo polepole, wakasubiri, wakavuta, wakaandika, wakateremsha tena. Nauheshimu sana ufundi huo. Unanivutia zaidi kwa sababu katika miaka 30 iliyopita watu wenye tabia hiyohiyo ya kazi wamegundua bahari nzima chini ya barafu ya miezi inayozunguka sayari za Mshtarii na Zohali, mahali ambapo hakuna kamba inayoweza kufika.

Tuanze na kamba, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia.

Mwaka 1935 mwanabiolojia Hubert Damas kutoka Ubelgiji alianza kuchunguza maziwa ya Kivu na jirani zake. Katika Ziwa Kivu alikuta jambo lililo kinyume na mazoea. Katika maziwa mengi ya kina kirefu maji ya chini huwa baridi kuliko ya juu. Hapa, ukishapita kina fulani, joto linaanza kupanda kadiri unavyoshuka, na maji yanayopandishwa kutoka huko yanatoa mapovu. Kisayansi hilo lilitaka maelezo, maana maji ya moto hupanda. Yaliyo chini ya Kivu hayapandi kwa sababu yanalemewa na chumvi na kaboni dayoksaidi inayoletwa na chemchemi zilizo ndani ya ziwa lenyewe. Baada ya Damas walikuja wengine: Egon Degens na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1970, Mjerumani Klaus Tietze katikati ya miaka hiyo, kisha Martin Schmid, Alfred Wüest na wenzao kutoka Uswisi katika karne hii. Kwa kazi yao leo inajulikana kwamba ndani ya ziwa hilo lenye kina cha mita 485 kuna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani, zikipimwa kama zingekuwa huru hewani.

Tarakimu hizo husomwa kwa sekunde moja. Kuzipata ni kazi nyingine.

Kuna aina ya chupa ambayo wapimaji wa maziwa na bahari wameitumia kwa miongo mingi. Ni mrija mnene ulio wazi juu na chini. Unapoteremshwa kwa kamba iliyowekwa alama za mita, maji hupita katikati yake, hivyo haubebi maji ya juu kuyapeleka chini. Ukifika kwenye kina kinachotakiwa, mpimaji haharakishi. Anaacha chombo kitulie, maana mteremko wenyewe umeyachafua maji kidogo. Kisha anaachia kipande cha chuma kiteleze kwenye kamba. Kikifika chini kinagonga kifyatuo, na vifuniko vyote viwili vinajifunga kwa pamoja. Mkono ulioshika kamba unahisi kishindo kidogo, na aliyezoea anajua kwa kishindo hicho kama chupa imefunga sawasawa au hapana.

Ziwani Kivu chupa hiyo peke yake inadanganya. Maji ya mita 300 yanabeba gesi nyingi kwa sababu yanabanwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Chupa inapopanda mbano unalegea, na gesi inatoka kama ya soda iliyofunguliwa. Ikifika kwenye boti, sehemu kubwa ya kilichokusudiwa kupimwa imeshatoroka. Mtu asiye mwangalifu angepima kilichobaki na kuandika tarakimu nzuri isiyo ya kweli. Kwa hiyo mafundi wa kazi hii ilibidi wabuni njia nyingine: kuifungia gesi kulekule chini ndani ya chombo cha chuma kisichovuja, au kuteremsha vihisi vinavyopima ndani ya maji yenyewe, au kupandisha maji pamoja na gesi yake katika mfuko unaotanuka, ili hata kinachotoka kisipotee. Kila njia ina kasoro yake, na ndiyo maana walizitumia zaidi ya moja, na kulinganisha matokeo, kabla ya kusema neno.

Tukubaliane kwamba hili si jambo la udadisi tu. Tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno mbele ya Kivu, lilitapika kaboni dayoksaidi usiku na kuua watu wapatao 1,700. Kandokando ya Kivu wanaishi watu wapatao milioni mbili. Umbali kati ya hofu na maarifa, hapa kwetu, unapimwa kwa uaminifu wa yule aliyeshika kamba.

Kuna jambo moja katika vipimo vya Uswisi ambalo kila nikilifikiria napata raha. Walitumia kifaa kinachozama chenyewe polepole, kikipima joto mara nyingi katika kila mita, kwa usahihi wa sehemu ndogo sana za digrii. Kikaonyesha kwamba maji ya kina ya Kivu yamejipanga ngazi kwa ngazi, mamia ya tabaka zilizotulia moja juu ya nyingine, nyingi zikiwa na unene usiofika mita moja. Kipimo cha haraka kingechora mstari ulionyooka. Ngazi hizo zilikuwepo wakati wote. Zilimtaka mtu anayekubali kushuka taratibu.

Wakazi wa ziwa hawakungoja wageni ili wajue kwamba chini kuna mpaka. Sambaza, dagaa walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959, hawaishi chini ya tabaka lenye oksijeni, na wavuvi wanaotoka usiku na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu wanateremsha nyavu zao kwa kina kinacholingana na jambo hilo. Nchi kavu nako kuna mazuku: mabonde na mashimo kati ya Goma na Sake ambamo kaboni dayoksaidi hutuama, haina rangi, haina harufu, na mbuzi akiingia hatoki. Wenyeji wanasoma alama. Ndege aliyelala chini, wadudu waliokufa, alfajiri isiyo na upepo: hapo hupiti. Walio hatarini zaidi ni wageni waliokimbia vita na kujenga vibanda mahali ambapo hakuna aliyewaonyesha. Huo nao ni upimaji wa kisichoonekana, na umeokoa watu kabla mtu yeyote hajaleta mashine.

Sasa twende mbali.

Mshtarii ina mwezi unaoitwa Europa, mdogo kidogo kuliko mwezi wetu, kipenyo chake kilomita 3,100 hivi. Uso wake ni barafu tupu iliyochorwa michirizi mirefu, na baridi yake kwenye ikweta ni nyuzi 160 hivi chini ya sifuri. Chombo cha Galileo, kilichorushwa na Marekani mwaka 1989, kilifika Mshtarii Desemba 1995. Kilifika kikiwa kilema: antena yake kubwa ilikataa kufunguka mwaka 1991, ikabidi picha na vipimo vyote vitumwe kwa antena ndogo, kwa mwendo wa konokono. Waliokiendesha walichagua kwa makini kitakachotumwa na kitakachoachwa. Miongoni mwa walioendelea kusubiri ni Margaret Kivelson wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyeongoza kundi la kifaa cha kupimia sumaku.

Hoja yao ilikuwa hivi. Mshtarii ni sumaku kubwa mno, na sumaku hiyo imeinama kidogo kando ya mhimili wa sayari. Kwa kuwa sayari inajizungusha kwa saa zisizofika kumi, na Europa nayo iko mbioni kuizunguka, sumaku inayoipiga Europa inabadilisha uelekeo huku na huku, na kurudi ilipoanzia kila baada ya saa 11 hivi, bila kukoma. Sumaku inayobadilika ikipita kwenye kitu kinachopitisha umeme inaamsha mkondo ndani yake, na mkondo huo unazaa sumaku yake ndogo inayoipinga ile ya kwanza. Barafu haipitishi umeme wa kutosha kufanya hivyo. Maji ya chumvi yanapitisha. Basi kama chini ya barafu kuna bahari, Europa itaijibu Mshtarii, na jibu lake litageuka kila Mshtarii inapogeuka.

Kulisikia jibu hilo kulihitaji uangalifu ambao watu wa nje ya kazi hawaufikirii. Chombo chenyewe kina nyaya na mota zenye sumaku. Kwa hiyo kipima-sumaku kiliwekwa kwenye mkono mrefu, mbali na kiwiliwili cha chombo. Halafu vipima-sumaku vina tabia ya kupotoka: baada ya muda vinaonyesha kitu hata pasipo na kitu. Galileo ilikuwa na sehemu inayozunguka, na mkono ulikuwa juu ya sehemu hiyo. Sumaku ya kweli iliyoko angani hubaki palepale chombo kinapozunguka, lakini kosa la kifaa huzunguka pamoja na kifaa. Kwa njia hiyo waliweza kutenganisha kosa na ukweli, mzunguko kwa mzunguko, mwaka hadi mwaka.

Mwaka 1998 Krishan Khurana, Kivelson na wenzao waliandika kwamba ishara zinaelekea kwenye bahari. Wengine wangeishia hapo na kupiga vigelegele. Wao walijua kwamba bado kuna njia ya kutokea: labda Europa ina sumaku ya kudumu ndani yake, na kwa bahati tu imeelekea upande unaofanana na jibu la bahari. Namna ya kuamua ilikuwa moja, kupita tena karibu na Europa wakati sumaku ya Mshtarii imegeukia upande wa pili. Sumaku ya kudumu ingebaki ilivyo. Ya bahari ingegeuka. Galileo ilipita hivyo tarehe 3 Januari 2000, na sumaku ya Europa ilikuwa imegeuka.

Nimesoma simulizi nyingi za uvumbuzi, na chache zinanigusa kama hii. Hakuna picha ya bahari hiyo hadi leo. Kuna mistari mitatu ya vipimo kwenye karatasi, na hoja iliyofungwa kila upande kabla ya kutolewa. Makadirio ya sasa yanaipa bahari ya Europa maji yanayofika mara mbili ya bahari zote za dunia.

Kwa Ganymede, mwezi mwingine wa Mshtarii, nitapita haraka: mwaka 2015 Joachim Saur wa Ujerumani na wenzake walitumia darubini ya Hubble kutazama mianga ya ncha zake. Kama isingekuwepo bahari mianga hiyo ingeyumba kwa digrii sita. Iliyumba kwa mbili: bahari ilikuwepo.

Enceladus inataka muda zaidi. Ni mwezi wa Zohali wenye kipenyo cha kilomita 504 tu, mdogo kiasi kwamba wengi walidhani umeganda hadi moyoni. Mwanzoni mwa 2005 chombo cha Cassini kilipita karibu nao mara mbili. Kundi la Michele Dougherty wa Imperial College London, wenye kipima-sumaku, waliona sumaku ya Zohali ikijipinda kuuzunguka mwezi huo, kana kwamba imegonga hewa. Mwezi mdogo hivyo hauwezi kushika hewa. Dougherty aliomba chombo kipelekwe karibu zaidi, na kuomba hivyo ni kujiweka rehani, kwa kuwa kila mabadiliko ya njia yanawagharimu wengine. Tarehe 14 Julai 2005 Cassini ilipita kwa umbali wa kilomita 173. Kwenye ncha ya kusini palikutwa nyufa nne ndefu zinazorusha mvuke na chembe za barafu angani.

Mvuke unaweza kutoka kwenye ziwa dogo lililo chini ya nyufa. Kujua kama kuna bahari inayozunguka mwezi mzima kulichukua miaka kumi zaidi, na kulifanywa kwa njia mbili ambazo ningependa kila mwanafunzi wa fizikia azijue. Luciano Iess na wenzake walisikiliza redio ya Cassini ilipokuwa ikipita juu ya mwezi huo. Mvutano ukizidi au kupungua kidogo, mwendo wa chombo hubadilika kwa sehemu ndogo ya milimita kwa sekunde, na sauti ya redio hubadilika nayo. Mwaka 2014 walitangaza kwamba chini ya ncha ya kusini kuna maji. Peter Thomas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walichukua mamia ya picha zilizopigwa kwa miaka saba na zaidi, wakatia alama mashimo yaleyale katika picha baada ya picha, wakapima jinsi mwezi unavyoyumba unapozunguka. Unayumba kwa digrii 0.12. Ganda lililoshikamana na mwamba wa ndani lisingeweza kuyumba kiasi hicho. Ganda la Enceladus linaelea.

Cassini iliingia pia ndani ya mvuke wenyewe mara kadhaa, Oktoba 2015 kwa umbali wa kilomita 49, ikaonja. Hapa tatizo la chupa ya Kivu linarudi likiwa limevaa nguo nyingine: kinachofika kwenye kifaa kimepita kwenye ufa, kimeganda, kimepasuka kwa mwendo wa kasi. Wapimaji walitakiwa wahesabu nyuma hadi kwenye bahari. Walipata chumvi, walipata chembe za silika zinazotengenezwa pale maji ya moto sana yanapokutana na mwamba, na mwaka 2017 walitangaza haidrojeni.

Haidrojeni ndiyo inayonirudisha nyumbani. Ndani ya Kivu kuna viumbe vidogo sana vinavyoishi bila oksijeni na bila jua. Baadhi yake huchukua kaboni dayoksaidi ya volkano pamoja na haidrojeni, vikapata nguvu, vikatoa methani. Sehemu ya gesi ambayo Rwanda inaichoma kuzalisha umeme kwenye mtambo wa KivuWatt imetokana na kazi hiyo. Kwenye mvuke wa Enceladus vitu hivyo vitatu vyote vimeonekana: kaboni dayoksaidi, haidrojeni na methani. Havithibitishi uhai, kwa kuwa miamba nayo inaweza kutengeneza methani, na waliovipima wamelisema hilo wazi. Lakini chakula kipo.

Kabuno nayo ina lake. Mwaka 2015 kundi la Marc Llirós lilichapisha utafiti kuhusu bakteria wanaoishi kwenye mpaka wa maji yake mawili, hapo penye mita kumi na moja hivi, mwanga ukiwa hafifu mno. Bakteria hao hutumia mwanga huo pamoja na chuma kilichoyeyuka, bila kuhitaji oksijeni. Bahari za dunia yetu zilikuwa hivyo, zenye chuma na zisizo na hewa, zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita. Mmoja wa bakteria hao alikuzwa maabara na kupewa alama KB01, herufi mbili za mwanzo zikisimama badala ya ghuba ya Kabuno. Wanaojiuliza uhai unaweza kuanzia wapi kwenye maji yaliyofungiwa wanakuja kusoma Masisi. Europa haina mwanga chini ya barafu yake, hilo tuliseme. Somo la Kabuno ni kwamba uhai haukatai maji ya namna hii.

Ufundi huu una mipaka, na mwaka 2021 tuliiona. Jioni ya tarehe 22 Mei volkano ya Nyiragongo ilipasuka bila kutoa onyo lililo wazi. Miezi kadhaa kabla ya hapo kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, OVG, kilikuwa kimekosa fedha za kulipia intaneti ya kupokelea vipimo. Lava ilisimama pembeni ya mji, lakini ardhi haikutulia. Matetemeko yalifuatana, nyufa zikafunguka barabarani. Vipima-tetemeko, GPS na picha za rada kutoka setilaiti vilionyesha kwamba ukuta mwembamba wa mawe ya moto ulikuwa umepenya chini ya mji hadi chini ya ziwa. Tarehe 27 Mei sehemu kubwa ya Goma iliamriwa kuhama, na maelfu kwa maelfu walishika njia ya Sake na godoro kichwani. Swali lilikuwa moja: je, moto huo utaligusa tabaka la gesi? Waliokuwa na kazi ya kujibu walikaa na mistari yao ya vipimo, saa baada ya saa, wakitazama matetemeko yakipungua. Tarehe 7 Juni serikali ilitangaza kwamba watu waanze kurudi. Kusema "ondokeni" kulihitaji ujasiri. Kusema "rudini" kulihitaji vipimo.

Masisi na Walikale zinauingia ufundi huu kwa mlango mwingine pia. Vilima vya Rubaya vinatoa koltani, na kutoka humo hupatikana tantali, metali inayotengenezewa kapasita ndogo zinazotunza umeme bila kuyumba katika joto na baridi. Simu zinazitumia, vifaa vya hospitali vinazitumia, vyombo vya angani vinazitumia. Bisie, ndani ya misitu ya Walikale, kuna mgodi wa bati, miongoni mwa yale yenye mawe tajiri zaidi duniani, na bati ndilo linalounganisha vipande vya kila kifaa cha elektroniki. Madini yakishayeyushwa pamoja hayabaki na jina la kijiji yalikotoka. Mchimbaji wa Rubaya anayefuata mshipa wa mawe gizani, akiosha mchanga kwenye karai na kuamua kwa rangi na uzito, ni msomaji wa kisichoonekana kama hao wengine wote niliowataja. Tofauti ni malipo, na usalama wa shimo, na bunduki zilizo juu yake: tangu 2024 machimbo hayo yako mikononi mwa waasi wa M23.

Vyombo viwili viko njiani sasa. JUICE ya Ulaya iliondoka Aprili 2023 na inatarajiwa kufika Mshtarii Julai 2031, kisha iingie kwenye mzunguko wa Ganymede. Europa Clipper ya Marekani iliondoka tarehe 14 Oktoba 2024. Inatarajiwa kufika Aprili 2030 na kuipita Europa karibu mara 50, ikiwa na kipima-sumaku na rada ya kupenya barafu. Data za misheni kama hizi huwekwa wazi baada ya muda, na mtu yeyote mwenye kompyuta na subira anaweza kuzisoma.

Vijana wa Sake, Masisi na Walikale wanaopenda hesabu wasiambiwe kwamba mambo haya ni ya watu wengine. Wanaishi pembeni ya maji ambayo ulimwengu unayahitaji ili kuelewa maji mengine. Chuo Kikuu cha Goma, Institut Supérieur Pédagogique ya Bukavu, kituo cha utafiti cha Lwiro na OVG vina watu wanaoijua kazi. Wapewe boti, kamba, vihisi, intaneti inayolipiwa kila mwezi, na amani ya kuwawezesha kushuka hadi Kabuno na kurudi salama. Walio na uwezo wa kutoa hayo, Kinshasa na kwingineko, watoe sasa, kabla walioishika kazi hii mkononi hawajastaafu bila wa kuwarithisha.